Mabati ya Injini ya Kombi na Safari ya Usiku ya Mwaka 1977

Katika ukoo wetu kuna kisa ambacho watoto hukatazwa kukiuliza mbele ya wageni. Ni kisa cha Kombi ya babu iliyokufa injini usiku mmoja kwenye njia ya kuelekea Lwakhakha, mpakani na Kenya, na cha mdogo wake babu aliyekuwa akiiendesha. Tangu usiku ule ndugu hao wawili hawakusalimiana tena. Babu alifariki bila kulitaja jina la mdogo wake. Mimi nilikua nikijua jambo moja tu: kwamba yule mzee anayeishi Jinja ndiye "aliyeua gari", na kwamba kwa sababu hiyo haji nyumbani hata kwenye mazishi.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba hukumu hiyo ilitolewa bila kumsikiliza shahidi mmoja muhimu, yaani gari lenyewe. Nataka pia kuonyesha kwamba habari ya gari hilo haieleweki bila kuijua historia ya Uganda ya miaka ya 1970. Ushahidi wangu ni wa aina tatu: maneno ya wazee, mambo yanayojulikana ya historia ya nchi, na vipande vya bati.

Mwaka jana nilipanga chumba Nkoma, upande wa kaskazini wa mji wa Mbale, si mbali na Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa hapo mwaka 1988. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, yupo fundi mzee ambaye watu humletea magari ambayo mafundi vijana huyakataa. Siku moja lilishushwa pale kutoka kwenye lori gari la Kombi lililotoka Jinja. Mwenyewe alikuwa amelinunua likiwa halina injini, akatafuta injini kwingine, na sasa alitaka ikae mahali pake. Nilipoliona nikakumbuka gari letu la nyumbani ambalo tangu nizaliwe nimelijua kama banda la kuku. Nikavuka barabara kwenda kuangalia.

Nilimwamkia fundi kwa "shikamoo" kama tunavyofundishwa darasani. Akacheka, akasema gerejini Jinja alikojifunza kazi waliamkiana "habari ya kazi" tu, maana Mhindi, Mluo, Mganda, Msoga na Mgisu wote walikutana kwenye Kiswahili cha spana. Alianza kazi mwaka 1970 akiwa mvulana wa kubeba vyombo kwa fundi mmoja wa Kihindi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu skrubu za mabati ya injini za Volkswagen na kuziweka katika mkebe wa Blue Band. Jioni tajiri alikagua mkebe. Skrubu ikibaki ndani baada ya injini kurudishwa garini, injini ilishushwa upya.

"Kwa nini mabati tu?" nikamuuliza. "Mbona injini ni chuma kizito, na bati ni kitu chepesi?"

"Kaa hapo, mjukuu," akasema. "Leo utaona."

Kabla sijaeleza niliyoyaona, inafaa nieleze gari hili lilitoka wapi. Mwaka 1947 Mholanzi aitwaye Ben Pon, aliyekuwa mfanyabiashara wa magari, alichora katika daftari lake gari lenye umbo la sanduku, dereva akiwa mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg, Ujerumani, kilianza kulitengeneza mwezi Machi 1950, na mwaka 1956 kazi hiyo ikahamishiwa kiwanda kipya mjini Hannover. Jina Kombi ni kifupisho cha neno la Kijerumani lenye maana ya gari la kazi mchanganyiko, yaani la watu na mizigo. Injini yake ilikuwa ya aina ileile ya Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe: silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, bila rejeta wala tone la maji.

Afrika Mashariki iliijua injini hiyo mapema. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1953, ikashinda tena 1954, 1957 na 1962. Kwa mtu aliyekuwa akisafiri katika barabara za vumbi, gari lisilochemsha maji lilikuwa jambo la kutamanika. Ndiyo maana Kombi zilinunuliwa na misheni, shule, hospitali, wafanyabiashara na wenye teksi. Mji wa Jinja wakati ule ulikuwa na kazi nyingi. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda, kikiwemo cha nguo na kile cha kuyeyusha shaba ya Kilembe. Karibu na mji kulikuwa na kiwanda cha sukari cha Kakira. Palipo na viwanda pana gereji, na gereji nyingi zilikuwa za Waasia.

Sasa nirudi chini ya mwembe. Kwanza fundi alinionyesha silinda. Zina mapezi membamba kuzunguka mwili wake wote, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Joto la moto unaowaka ndani hutoka kupitia mapezi hayo. Lakini mapezi peke yake hayatoshi. Lazima hewa baridi isukumwe kati yake kwa nguvu, tena ipite palepale na si kwingine. Kazi ya kusukuma ni ya feni, ambayo imefungwa kwenye ekseli ya dainamo na kuzungushwa na mkanda. Kazi ya kuielekeza hewa ni ya mabati.

Alianza na vipande viwili vidogo anavyoviita ndimi. Ulimi mmoja huchomekwa chini ya silinda za kulia, mwingine chini ya zile za kushoto. Bila ulimi, hewa hushuka upesi ikipita kati ya silinda na kutoka, bila kukumbatia upande wa chini. Ulimi huilazimisha izunguke. Kisha akavaa silinda kofia zake, yaani mabati mawili mapana ya juu. Katika kila tundu la plagi akaweka raba ndogo ili hewa isivuje hapo. Halafu akapachika nyumba ya feni, lile bati kubwa la mviringo, akihakikisha midomo yake imekaa sawasawa na kingo za kofia. Baada ya hapo likaja bati la mbele, linaloelekea giaboksi, na la nyuma, linalozunguka puli. Kila skrubu aliipaka grisi kidogo kabla ya kuikaza, ili fundi wa baadaye asije akailaani.

Bati la mbele halikuwapo katika injini ile. Fundi akaingia kibandani mwake akatoka na kifungu cha makatoni yaliyokatwa maumbo mbalimbali, meusi kwa oili. Aliyakata zamani kwa kufuata mabati halisi. Akachagua moja, akalilaza juu ya kipande cha pipa la oili lililokunjuliwa, akachora kwa chaki, akakata kwa mkasi wa bati, akakunja kingo kwa nyundo juu ya reli. Nilimuuliza kwa nini hatumii bati la paa ambalo ni rahisi kupatikana. Akasema bati la paa ni jembamba, hutetemeka na kupasuka katika skrubu baada ya miezi michache. La pipa lina unene wa kutosha kuvumilia.

Injini ilipoinuliwa kwa jeki na kufungwa kwa bolti nne kwenye giaboksi, nilidhani kazi imekwisha. Fundi akaniambia kazi ndiyo inaanza. Kuzunguka chumba cha injini kuna mkanda wa raba, na kingo za mabati lazima ziingie katika mfereji wa raba hiyo pande zote. Alitambaa chini ya gari kwa muda wa saa nzima akisukuma raba kwa bisibisi butu. Alipotoka, nywele zake zilikuwa zimejaa udongo, naye alikuwa amefurahi.

Ndipo aliponionyesha nilichoahidiwa. Aliwasha injini, akakata utepe wa mfuko wa nailoni, akaushika karibu na ukingo wa bati la mbele kwa chini. Utepe ulining'inia tu, ukitikiswa kidogo na mtetemo wa gari. Kisha akavuta raba kutoka mahali pake kiasi cha kiganja na kuushika utepe hapo. Mara ukaruka juu na kumezwa ndani ya chumba cha injini.

"Umeona?" akasema. "Juu ni chumba cha hewa baridi. Chini ni chumba cha hewa moto, iliyokwisha kupita kwenye silinda, pamoja na joto la ekzosi. Bati ni sakafu kati ya vyumba viwili. Toboa sakafu, feni itakunywa moto ileile iliyoutapika."

Maneno hayo yaliniingia kwa sababu ya jambo alilolisema baadaye, bila kujua habari za nyumbani kwetu. Alisema katika miaka ya 1970 na 1980 aliona Kombi nyingi zisizo na mabati haya. Mafundi wengi waliobaki walikuwa wamejifunzia magari ya maji. Kwao bati lilikuwa pambo, au kifuniko cha kuzuia vumbi. Tena walikuwa na hoja inayovutia: kama injini hii hupozwa na hewa, basi ifunguliwe ipate hewa! Wakaondoa mabati, wakatupa raba, na madereva wakawa wanaendesha huku mlango wa injini umeegemezwa kijiti uwe wazi. Kila walipoona injini inazidi kupata moto, walizidi kuifungua.

Hapa ndipo historia ya nchi inapoingia. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke, na wakapewa siku 90. Kufikia mwezi Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwenda, wakiwamo wengi waliojiona ni Waganda. Vitabu vingi husimulia maduka yaliyofungwa na viwanda vilivyogawiwa watu wasiojua kuviendesha. Hayo ni kweli, lakini ningependa kuongeza hasara ndogo isiyoandikwa. Tajiri wa fundi wetu alipoondoka, hakuondoka na spana tu. Aliondoka na ile desturi ya kukagua mkebe wa skrubu jioni. Kijana aliyekuwa amekaa naye miaka miwili aliibeba desturi hiyo. Wengine hawakupata hata miaka hiyo miwili.

Sitaki kusema kwamba Waasia walikuwa mafundi na Waafrika hawakuwa. Fundi wa Nkoma mwenyewe ni ushahidi wa kinyume chake, na wapo matajiri wa gereji waliowanyima wavulana wao ujuzi kwa makusudi ili wasije wakafungua gereji zao. Ninachosema ni kwamba ujuzi ulikuwa umehifadhiwa katika mikono michache, na mikono hiyo iliondolewa kwa siku 90. Baada ya hapo fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri vikapotea madukani, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Bati lililooza halikuwa na la kulirithi. Skrubu iliyoliwa kutu ilikatwa kwa tindo, na bati lake likaachwa chini.

Sasa nieleze usiku wa ndugu wawili. Bibi yangu ndiye pekee aliyebaki nyumbani anayeukumbuka. Nilizungumza naye kwa Lumasaaba, kwa kuwa Kiswahili kwake ni lugha aliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa askari, naye haipendi. Hakujua mwaka. Lakini alisema kaka yangu mmoja wa ukoo alikuwa ametahiriwa mwaka uliotangulia, na kwamba ilikuwa wakati kahawa ilipokuwa "dhahabu ng'ambo na majani huku kwetu". Kwetu Bugisu sherehe za Imbalu hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na ukoo unajua kwamba ndugu huyo ni wa Imbalu ya 1976. Basi safari ilikuwa mwaka 1977.

Maneno ya bibi kuhusu kahawa yanalingana na historia. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana katika miaka ya 1976 na 1977. Mkulima wa Uganda aliuza kwa bodi ya serikali kwa bei ndogo, kwa shilingi isiyonunua kitu. Ng'ambo ya mpaka, katika soko la Chepkube upande wa Bungoma, kahawa hiyohiyo ililipwa vizuri kwa fedha ya Kenya. Watu wa mlima Masaba walibeba kahawa usiku kwa vichwa, kwa punda, na wenye magari kwa magari. Ilikuwa hatari kubwa. Amri ya mwaka 1975 ilikuwa imeanzisha mahakama za kijeshi za makosa ya uchumi, na adhabu ya magendo iliweza kuwa kifo.

Kombi ya babu ilikuwa ile ya zamani, yenye kioo cha mbele cha vipande viwili, aina iliyokoma kutengenezwa Ujerumani mwaka 1967. Aliinunua katika miaka ya 1960 kwa fedha za kahawa, ikawa inapeleka abiria kutoka Mbale hadi Jinja kupitia Tororo, Bugiri na Iganga. Ilikuwa mali kubwa kuliko zote za ukoo. Kwa maelezo ya bibi, miaka kama miwili kabla ya usiku ule injini ilishushwa katika gereji moja ili kubadilisha klachi. Gari liliporudi, watoto walipewa vipande vya bati vilivyobaki wakavitumia kukaangia karanga. Bibi alilisema hili kama kichekesho. Mimi nilinyamaza kwa muda, nikamwomba arudie.

Usiku ule mdogo wake babu alipakia magunia ya kahawa na kuondoka taa zikiwa zimezimwa. Kwenye mlima, kabla ya kufika mpakani, injini ililia kwa kishindo na kunyamaza. Ilimbidi akimbie, maana kulipambazuka na askari walikuwa njiani. Magunia yakapotea. Gari lilivutwa na ng'ombe siku kadhaa baadaye. Babu alimshtaki mdogo wake mbele ya wazee kwa mambo mawili: kwamba aliendesha kwa fujo akaua injini, na kwamba huenda aliuza kahawa akazua kisa. Kijana akasema aliendesha polepole. Hakuna aliyemwamini, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba gari haliungui kwa kwenda polepole. Akaondoka kwenda Jinja kutafuta kibarua, na kisehemu chake cha shamba kikalimwa na wengine.

Likizo ya Desemba nilimwomba fundi tuende naye nyumbani. Alikubali kwa nauli na chakula. Tulitoa kuku, tukafagia, tukafungua mlango wa injini. Fundi hakugusa chochote kwa dakika kadhaa, aliangalia tu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Bati la mbele halipo. Ndimi hazipo, zote mbili. Raba haipo, hata alama yake. Kofia ya kushoto imefungwa kwa skrubu moja na waya. Nyumba ya feni ipo.

Tulishusha injini kwa msaada wa wajomba wawili walioanza kwa kutucheka. Fundi alifungua kichwa cha silinda za kushoto. Katika silinda ya tatu, iliyo upande unaoelekea mbele ya gari, kichwa cha valvu ya ekzosi kilikuwa kimekatika na kuangukia ndani, kikavunja pistoni. Mapezi ya silinda hiyo yalikuwa yamepakwa oili iliyoungua ikawa kama lami kavu. Silinda za kulia hazikuwa hivyo.

Fundi akaeleza. Katika injini za zamani kipozeo cha oili kimesimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda ya tatu, hivyo silinda hiyo hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na oili. Watengenezaji wenyewe walilitambua tatizo hili, na kuanzia modeli za mwaka 1971 walikitoa kipozeo mbele kidogo na kukipa njia yake ya hewa. Injini ya babu ni ya kabla ya hapo. Ikiwa na mabati yote, ingevumilia. Bila ulimi, bila bati la mbele na bila raba, feni ilikuwa ikinywa hewa moto na kumpa yule aliyekuwa tayari na moto kuliko wenzake. Tena mji wa Mbale uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi kuliko pwani, na njia ile inapanda zaidi.

"Na kwenda polepole?" nikauliza.

"Ndiko kubaya zaidi," akajibu. "Feni huzungushwa na injini. Ukipanda na mzigo kwa gia kubwa, injini inazunguka taratibu, feni nayo inazunguka taratibu, na moto ni mwingi. Aliyekwenda kasi kwa gia ndogo angemaliza mlima. Huyu alijificha asisikike."

Mwanafunzi wa historia hana budi kuwa mwangalifu hapa. Valvu iliyokatika yaweza kukatika kwa uzee tu. Mzigo ulikuwa mzito. Sikuwapo, wala fundi hakuwapo, na bati halisemi kitu kuhusu magunia yalikokwenda. Lakini mambo manne yanashuhudia kwa pamoja: mabati yalikosekana kabla ya safari, kama bibi alivyosema bila kujua uzito wake, silinda iliyovunjika ndiyo ileile inayotarajiwa kupata moto, oili imeungua upande mmoja tu, na maneno ya mshtakiwa kwamba alikwenda polepole, ambayo yalichukuliwa kuwa uongo, ndiyo hasa yanayoeleza kifo cha injini. Kwa shtaka la kwanza, naona alihukumiwa kwa kosa lililofanyika gerejini miaka miwili kabla. Na fundi wa gereji ile naye alifanya alivyodhani ni sawa, katika nchi ambayo waliojua walikuwa wamefukuzwa na vipuri vilikuwa havipatikani. Kwa shtaka la pili sina ushahidi wa kumtia hatiani wala wa kumwachilia, isipokuwa huu: mtu aliyesema kweli katika jambo ambalo kila mtu alimcheka anastahili kusikilizwa katika jingine.

Mwezi Januari nilipanda teksi kwenda Jinja. Mzee anaishi katika chumba kimoja upande wa Walukuba. Nilimwita babu, naye akanitazama kwa muda mrefu kwa sababu neno hilo hakulizoea. Nilimwonyesha picha za injini katika simu yangu, nikamweleza ndimi, raba na sakafu kati ya vyumba viwili. Hakuuliza habari za valvu. Aliuliza kama bibi yu hai. Kisha akasema kwamba usiku ule alisimama mara tatu kwa sababu ya harufu ya oili, na kila mara alifungua mlango wa injini ili ipate hewa zaidi.

"Nilidhani naisaidia," akasema.

Niliporudi nyumbani nilisoma matokeo yangu mbele ya wajomba. Mmoja alisema bati haliwezi kurudisha magunia. Mwingine alisema marehemu hawezi kuombwa abadili neno lake. Bibi hakusema chochote siku ile. Baada ya wiki mbili alinipigia simu kupitia jirani, akaniagiza nimwambie mzee wa Jinja kwamba kahawa inavunwa na mikono haitoshi. Bado hajaja. Lakini ameuliza nauli ni kiasi gani kupitia barabara ya Tirinyi, ambayo hajawahi kuipita.

Tunapoandika historia ya Uganda ya miaka ile, tunaandika kuhusu marais, majeshi na viwanda, na ni haki. Lakini amri iliyotangazwa Kampala ilishuka hadi kwenye skrubu ya milimita 6 katika gereji ya Mbale, ikashuka hadi kwenye urafiki wa ndugu wawili. Ujuzi uliokuwa katika mkebe wa Blue Band umebaki leo chini ya mwembe mmoja Nkoma, katika makatoni meusi na katika maneno ya Kiswahili kama ulimi, kofia na sakafu, ambayo sijayaona katika kamusi yoyote kwa maana hiyo. Nimeyaandika hapa pamoja na mpangilio wa kuyafunga: kwanza ndimi, kisha kofia na raba za plagi, kisha nyumba ya feni, bati la mbele, bati la nyuma, na mwisho mkanda wa raba pande zote, bila kuacha pengo hata la kidole.